“Ni nzuri” haitoshi: namna ya kuwaeleza wenzako ulichosikia katika rekodi

Swali: “Jambo sana, baba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lubumbashi, naimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia yetu ya Katuba. Kila Jumapili baada ya misa ya pili tunakutana watu sita lupangoni (uani) kwa rafiki yetu, Kamalondo, kila mtu na rekodi yake. Mmoja analeta Bach, mwingine Missa Luba, ile misa ya kwaya ya Kamina, mwingine gitaa la Mwenda Jean Bosco, mwingine kora, kile kinubi cha Mali. Tunasikiliza, kisha kila mmoja anasema alivyoona. Zamu yangu ikifika nasema ‘ni nzuri sana’ au ‘imenigusa’, basi. Kuna yaya mmoja, yaani mkubwa wetu, aliyesoma, yeye anatoa maneno makubwa ya Kifaransa mpaka sisi wengine tunanyamaza. Majuzi alileta sahani (santuri) mbili za mpiga piano Glenn Gould za muziki uleule. Ya pili ilinichosha, nikaona aibu kusema. Nifanye nini? Nianze na solfeji, ile ya kusoma noti? Na pia nina kaseti ya marehemu babu, haina maandishi yoyote. Naweza kuipeleka tuisikilize?”

Jambo sana, mwanangu.

Solfeji isome kama unaipenda. Kwa mtu wa kwaya ni chakula. Lakini usingoje kuijua ndipo ufungue mdomo. Mtu anayeimba sauti ya pili kila Jumapili ana sikio ambalo wasemaji wengi wa muziki hawana. Watu wote wanafuata sauti ya kwanza. Wewe umezoea kumtafuta aliyejificha chini yake. Nitarudi hapo nikifika kwa Bosco.

Hilo “ni nzuri” lako si neno baya. Ila anayelisikia hana la kufanya nalo. Ataitikia, au atanyamaza, na zamu itapita. Jaribu kumpeleka mwenzako mahali. Kwa mfano: “Katika Sanctus ya Missa Luba, pale utulivu unapokatika na Hosana inapoingia na mwendo wa kucheza, niliona kama watu waliokuwa wanaagana wamekumbuka kwamba kuna pombe bado.” Hakuna ufundi wowote katika maneno hayo, lakini yana anwani. Mtu anaweza kurudisha rekodi nyuma, akasikiliza palepale, akakuambia: hapana, mimi sikusikia kuagana, nilisikia mtoto anabembelezwa. Hapo ndipo mmeanza kuongea. Mimi napima maoni ya msikilizaji kwa kitu kimoja tu: je, amenionyesha mahali ninapoweza kwenda kusikia mwenyewe? Akinionyesha, hata kama amekosea amenifaa.

Kwa hiyo peleka kalamu. Mara ya kwanza rekodi ikipigwa usiandike, sikiliza tu. Mara ya pili andika dakika: 2.10, mtu mmoja anabaki peke yake, 4.35, nilianza kufikiria chakula. Ndiyo, hilo la chakula nalo liandike.

Na hapo tumefika kwenye uchovu wako, ambao ndio sehemu niliyoipenda zaidi katika barua yako. Sahani zile mbili ni za kazi moja ya Bach iliyochapwa mwaka 1741, ile inayoitwa Goldberg: aria moja, yaani wimbo wa kufungulia, kisha mageuzi 30 yanayojengwa juu ya besi yake, kisha aria ileile inarudi. Gould aliirekodi New York mwaka 1955 akiwa na miaka 22. Akairekodi tena mwaka 1981 katika studio ileile, na mwaka uliofuata akafariki. Sahani ya kwanza ina dakika 38 na nusu hivi, ya pili inapita dakika 51. Nakisia yaya wenu alisema kwamba kijana alikuwa na haraka na mtu mzima amekomaa. Kila mtu husema hivyo, mimi pia nilisema hivyo miaka mingi.

Sasa ingia ndani. Bach aliandika kwamba kila sehemu ya kazi hiyo irudiwe. Mwaka 1955 Gould hakurudia hata moja. Mwaka 1981 alirudia baadhi. Kwa hiyo katika zile dakika zilizoongezeka, si zote ni za mwendo wa polepole. Nyingine ni marudio tu. Ukitaka kupima mwendo wenyewe, chukua aria ya mwanzo, maana hairudiwi katika sahani zote mbili. Ile ya 1955 inaisha kabla ya dakika mbili. Ile ya 1981 inapita dakika tatu. Noti ni zilezile. Fikiria padri anayesoma Injili moja, Jumapili hii kwa dakika mbili, Jumapili ijayo kwa tatu: katika usomaji wa pili utasikia kila koma, na utaanza pia kumwangalia padri badala ya kusikia Injili. Wako watu wanaompenda Gould wa 1981 kwa sababu hiyohiyo, na wako wanaochoka kwa sababu hiyohiyo. Wewe uko katika kundi la pili. Si dhambi.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu kuna kitu kinachovuruga hadithi nzima ya kijana na mzee. Geuzi la 25 ndilo zito kuliko yote, la huzuni, linatambaa. Sikiliza saa yako. Katika sahani zote mbili linapita dakika sita, na lililo refu zaidi, kwa sekunde 25 hivi, ni la yule kijana wa 1955! Penye huzuni kubwa ndipo kijana alipokaa zaidi. Peleka hilo Kamalondo Jumapili. Usilipeleke kama fimbo ya kumpigia yaya. Sema tu: “Naomba tusikilize la 25 tena, katika zote mbili, na mtu ashike saa.” Halafu uwaambie ni wapi hasa ulichoka. Kama ulichoka katika aria, ni mwendo. Kama ulichoka kuanzia la 15, ambalo ndilo la kwanza kuingia katika huzuni, huenda ni moyo wako siku ile. Kama ulichoka kwa sababu ya mtu anayeguna nyuma ya piano, huyo ni Gould mwenyewe, alikuwa akiimba anapopiga na wenye studio hawakuweza kumzuia. Hizo ni aina tatu za uchovu. Neno “imenichosha” lilizificha zote tatu.

Kabla hujaliamini sikio lako, shuku mashine. Nimefanya kazi ya sauti redioni muda mrefu, na aibu yangu kubwa haikutokea kazini, ilitokea nyumbani. Nilikuwa na pikapu, mashine ya kupigia sahani, niliyoipenda kama mtoto. Nilikuwa na sahani moja ya fidla na okestra, na kwa miaka miwili nilimwambia kila mgeni kwamba hakuna mpiga fidla mwingine duniani mwenye uchangamfu ule, sauti inang’aa, vidole vinaruka. Siku moja akaja mpiga kinanda wa kanisa. Akasikiliza, akainamisha kichwa, akasema: “Muzee, huyu anapiga nusu toni juu.” Nikakasirika. Tukabishana mpaka bukari ikapoa. Mwisho tukabandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani, tukahesabu mizunguko kwa saa ya mkononi. Sahani ya kucheza kwa muda mrefu inatakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Yangu ilikuwa inapita 35. Mtu alikuwa amezungusha kiskrubu cha mwendo chini ya pikapu, na huyo mtu ni mimi, siku niliyoifungua kuisafisha. Uchangamfu wote ule ulikuwa wa kiskrubu. Nilipoirudisha sawa, mpiga fidla akawa mtu wa kawaida, mzuri, mwenye huzuni kidogo. Ilinichukua muda kumzoea.

Kuna upande wa pili wa jambo hilo. Utakuta mtu wa kinanda anaiambia sahani ya Bach “inapiga chini” nusu toni, naye ana haki na hana haki. Vikundi vingi vinavyopiga muziki wa zama zile kwa vyombo vya kizamani hushusha noti ya “la” mpaka mitetemo 415 kwa sekunde, wakati vinanda vyetu vimewekwa kwenye 440. Ni karibu nusu toni kamili. Hapo mashine haiumwi, wamekusudia.

Mambo mawili mengine ya mashine nitayapita haraka. Mkilinganisha rekodi mbili, ile iliyo juu kidogo kwa sauti itaonekana bora, kila mara, hata mbele ya watu wazima wenye vyeti. Sawazisheni sauti kwanza, na mwenye rekodi asiguse kitufe. La pili ni grupu, yaani jenereta. Umeme ukikatika na jirani akiwasha grupu yake, ule mngurumo unakula besi yote. Siku hiyo msihukumu kitu. Ongeeni habari nyingine, kunyweni munkoyo.

Besi ikiliwa, Bosco amekufa mara ya pili. Mtu huyu wa Bunkeya alikuwa akipiga gitaa kwa kidole gumba na cha shahada tu. Gumba linakwenda zake kwenye nyuzi nene, cha shahada kinaimba juu, na wewe unaapa ni watu wawili. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, yaani Likasi yetu, mwaka 1952, na kati ya nyimbo alizochukua ilikuwamo “Masanga”. Kumsikilizia katika simu bila bafle (spika) ni kumkata gumba: kinabaki kidole kimoja kinachorukaruka, na watu wanasema, “Aa, muziki wa zamani, mwepesi.” Mwepesi wapi! Weka bafle, halafu tumia sikio lako la sauti ya pili. Sikiliza wimbo mzima ukifuata gumba tu, kama vile cha shahada hakipo. Rudia, fuata cha shahada tu. Mara ya tatu achia vyote. Mapema miaka ya 1960 David Rycroft aliandika uchambuzi mrefu wa gitaa hilo, noti kwa noti, katika jarida la African Music. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini wachezaji dansi wa Kamalondo walikuwa wamekwisha kuichambua kwa miguu.

Na mtu akisema nyimbo hizo “zinakatika ghafla”, mwambie kwamba upande mmoja wa sahani ndogo ya mizunguko 78 ulibeba kama dakika tatu. Hatujui Bosco angeendelea mpaka wapi usiku ule kama sahani ingekuwa pana zaidi. Kwa hiyo usiseme “wimbo ni mfupi.” Sema “rekodi ni fupi.” Tofauti hiyo ndogo itakufaa kila mahali: kuna muziki, na kuna kile ambacho mtu mmoja mwenye mashine aliweza kubeba siku moja. Tracey alipenda kushika kipaza sauti kwa mkono wake, akikisogeza karibu na kile alichoona ni muhimu. Unaposikia gitaa liko mbele na sauti ya mwimbaji nyuma, si lazima iwe ni mwimbaji aliyetaka hivyo.

Kuhusu Missa Luba, kila kikundi cha wasikilizaji hapa Katanga kinagombana palepale: ni muziki wa kweli wa Kiluba, au ni wa padri? Msilijadili swali hilo tupu, mtalala njaa. Yanayojulikana ni haya. Padri Guido Haazen, Mbelgiji wa shirika la Wafransisko, alikuwa Kamina. Alikusanya wavulana na walimu, akakiita kikundi kwa jina la mfalme wa Ubelgiji wa wakati ule, Les Troubadours du Roi Baudouin. Maneno ni Kilatini cha misa. Muziki haukuandikwa kwanza kwenye karatasi. Ulitoka katika kuimba, kiongozi akiita na wengine wakiitikia, juu ya mitindo waliyoijua. Rekodi ni ya 1958, mwaka uleule waliozunguka Ulaya. Miaka kumi baadaye filamu moja ya Waingereza ikaitumia Sanctus yake, na watu wa London ambao hawakuweza kuionyesha Kamina kwenye ramani wakaanza kuipiga majumbani mwao.

Sasa wewe una kitu ambacho msikilizaji wa London hana. Una jirani. Tafuta mama mmoja mtu mzima wa upande wa Kamina au wa Kasai, mpe kiti, mpigie Sanctus bila kumwambia ni nini, umwulize: “Mama, hapa unasikia nini?” Hosana ile ina mwendo wa ngoma ya Kasai, mwulize kama miguu yake inaitambua. Akisema, “Hii tulikuwa tunaimba namna hii mtu akisafiri,” andika maneno yake kama alivyoyasema, na uyapeleke kikundini na jina la sehemu aliyotoka. Akisema haitambui hata kidogo, hayo nayo yaandike. Ripoti ya namna hiyo ina uzito kuliko mabishano ya mwezi mzima juu ya ukweli na uongo.

Kisha, mkiweza, itafuteni rekodi ya Muungano, kwaya ya Kenya iliyoongozwa na Boniface Mganga, ambao waliimba misa hiyohiyo miaka zaidi ya 30 baadaye. Ni nzuri (nami nimelitumia neno lako), sauti zimepangwa kwa uangalifu kuliko za Kamina. Lakini angalia kilichotokea: yale ambayo wavulana wa Haazen waliyazua wakiimba, kwaya zilizofuata zililazimika kuyajifunza. Rekodi iligeuza mazungumzo kuwa andiko. Mimi binafsi nikilinganisha napenda Kamina, kwa sababu pale nasikia watu ambao hawana hakika kabisa kiongozi atakwenda wapi. Wewe unaweza kusikia kinyume, mradi unionyeshe wapi.

Kora sitaichelewesha. Kabla ya kupiga ile sahani ya 1999 ya Toumani Diabaté na Ballaké Sissoko, waulize wenzako wahesabu ni wapigaji wangapi. Watasema wanne, watano. Ni kora mbili, nyuzi 21 kila moja. Baada ya hapo hutakuwa na haja ya kusema lolote kwa dakika kadhaa.

Ila hilo jina la “muziki wa dunia” mnaloliandika kwenye rekodi za namna hii, mlijue asili yake. Mwaka 1987 watu wa kampuni ndogo za sahani walikutana baa moja London, wakatafuta jina la kuandika kwenye rafu za maduka, kwa sababu wauzaji hawakujua waziweke wapi sahani za Afrika na kwingineko. Ni jina la rafu. Bosco wamemweka kwenye dunia. Sijui Beethoven alikuwa akiishi wapi. Litumieni kutafutia rekodi, msilitumie kuelezea sauti, maana halielezi chochote.

Yaya wenu, tena, usimwogope na usimsute. Akitoa neno kubwa, mwambie kwa heshima: “Yaya, hiyo kontrapunkti, naomba unionyeshe mahali ilipo.” Kama anaijua ataishika rekodi na kukuonyesha, na utagundua ni kile mnachofanya kwaya nzima pale sauti ya kwanza inaposimama na nyinyi wa pili mnatembea chini yake. Utakuwa umepata neno jipya la kitu cha zamani. Kama haijui, atakohoa, na mtaendelea na mwingine.

Sasa kaseti ya babu. Usiipige Kamalondo kwanza! Kaseti iliyokaa miaka mingi inaweza kuwa na pigo moja tu la mwisho ndani yake, na pigo hilo lisipotee katika kelele za watu sita. Fanya hivi. Tazama upande ulio wazi, katikati: pana kijipamba au kitambaa kidogo kinachokandamiza utepe kwenye kichwa cha mashine. Kikiwa kimebanduka sauti itakuwa ya chini na ya kuyumba. Fundi mzuri anaweza kuhamisha kimoja kutoka kaseti nyingine. Geuza mgongoni: pana vijino viwili vya plastiki. Kama bado vipo, vivunje leo hii, ili mtu asirekodi mahubiri juu ya babu. Ingiza kalamu ya Bic katika tundu uzungushe taratibu mpaka utepe uende wenyewe bila kushikana. Safisha kichwa cha mashine kwa pamba yenye alkoholi. Halafu hakikisha, mara ya kwanza kabisa kaseti inapopigwa, iwe inanakiliwa wakati huohuo, kwenye simu au kompyuta, kwa waya na si kwa kuweka simu mbele ya bafle.

Ukishapata nakala, ipeleke kwanza kwa shangazi na wajomba kabla ya kuipeleka kikundini. Wakae nayo. Wao ndio watakaokuambia nani anakohoa, mtoto anayelia ni nani, na kama wimbo ulipigwa lupangoni au baa. Andika dakika pembeni ya kila jina. Na kama mwendo unaonekana wa haraka mno, kumbuka kiskrubu changu.

Ukijua nani anaimba sauti ya pili, niandikie.